Sauti, Harufu na Mguso: Kumtuliza Mzee Mwenye Ugonjwa wa Kusahau

Ugonjwa wa kusahau, unaoitwa pia dimensia, ni kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo polepole hadi mtu ashindwe kukumbuka, kupanga mambo, kupata maneno na mwishowe kujihudumia. Alzheimer ndiyo aina inayoongoza: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wana aina hiyo. Kwa makadirio ya shirika hilo hilo, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Afrika Mashariki, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013, ulikuta kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nao.

Katika Busia, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Kenya na Uganda, na katika Tororo iliyo kaskazini yake, karibu wazee wote hawa hutunzwa nyumbani. Mlezi ni mke, binti, mkaza mwana au mjukuu. Nyumba za wazee ni chache, na nyingi ziko mbali na zinaendeshwa na mashirika ya kidini. Kwa hiyo njia za kumtuliza mgonjwa bila dawa, zilizokuzwa kwanza katika nyumba za wazee za Ulaya na Marekani, huku zinapaswa kufanya kazi kwenye baraza, jikoni na chini ya mwembe. Zinaweza, mradi zipangwe na zimfuate mzee mwenyewe: maisha aliyoishi, lugha yake na kazi aliyoizoea.

Dalili zinazochosha familia

Mzee anayeuliza swali moja mara kumi anaweza kujibiwa mara kumi. Kazi ngumu huanza anapokataa kuoga, anapomshuku mkaza mwana kwamba kamwibia pesa, anapopiga kelele usiku, anapoona watu wasiokuwepo, au anapotoka jioni akisema anarudi kwao ilhali yuko kwao. Mpakani hatari huzidi. Malori yanayosubiri kuvuka Busia na Malaba hujipanga kandokando ya barabara, na njia za panya ni nyingi. Mzee anaweza kujikuta nchi ya pili bila kitambulisho na bila kujua alikopita.

Majirani wengi husema huo ni uzee tu. Wengine husema amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Kauli ya kwanza humnyima mgonjwa msaada, na ya pili inaweza kumgharimu maisha. Dalili hizi zina chanzo ndani ya ubongo, na mara nyingi zina kichocheo mahali alipo mgonjwa: kelele, giza, maumivu, njaa, upweke, au kukaa kutwa bila kazi. Hapo ndipo milango ya fahamu inapoingia katika tiba.

Kwa nini dawa za kutuliza hazitangulii

Mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa na fujo huweza kuandikiwa haloperidoli au klopromazini, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa makali ya akili. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kundi hili ziliongeza vifo vya wazee wenye ugonjwa wa kusahau kwa kiasi cha mara 1.6 hadi 1.7 zikilinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani yake. Mwaka 2008 onyo hilo lilipanuliwa hadi kwenye dawa za zamani, haloperidoli na klopromazini zikiwemo. Dawa hizi pia hukakamaza misuli na kumfanya mzee aanguke.

Mara nyingi huongezwa benzheksoli ili kulegeza ukakamavu huo. Lakini benzheksoli huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali ya ubongo ambayo Alzheimer huwa tayari imeipunguza, na hivyo kusahau na kuchanganyikiwa huzidi. Ndiyo maana miongozo ya tiba hushauri njia zisizo za dawa zijaribiwe kwanza, na dawa ibaki kwa mgonjwa aliye hatarini kujiumiza au kuumiza wengine, au anayeteseka sana, tena kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi. Mgonjwa ambaye tayari anazitumia asiachishwe ghafla. Daktari ndiye anayepanga namna ya kupunguza.

Kinachobaki katika ubongo

Alzheimer huanza mapema kuharibu hipokampasi, sehemu inayohifadhi matukio mapya. Ndiyo sababu mzee hakumbuki kama amekula, lakini anakumbuka shule aliyosoma. Kumbukumbu za ujanani, hasa za kati ya miaka 10 na 30, hudumu zaidi. Ujuzi wa mikono, kama kupepeta, kusuka au kushona, hutegemea sehemu nyingine za ubongo, na mara nyingi hubaki hata maneno yanapokwisha. Nyimbo zilizozoeleka tangu zamani nazo huhifadhiwa kwa sehemu kubwa katika maeneo ambayo ugonjwa huchelewa kuyafikia.

Lugha hufuata njia hiyo hiyo. Mzee wa Busia aliyezungumza Kiswahili sokoni na Kiingereza ofisini anaweza kurudia Lusamia, Lukhayo au Ateso ya utotoni. Wa Tororo anaweza kurudia Dhopadhola. Muuguzi asiyejua lugha hiyo ataona mgonjwa mkaidi. Mtu akikaa karibu naye na kumsalimia kwa lugha ya mama yake, ukaidi huo mara nyingi hulegea kabla ya jambo lingine lolote kufanywa.

Kabla ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kutafuta ugonjwa wa mwili. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, lazima apimwe. Katika eneo hili malaria inatangulia. Hufuata maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kigumu, na maumivu ya jino au nyonga ambayo hawezi kuyaeleza. Wimbo hauponyi malaria.

Hatua ya pili ni kuisafisha milango yenyewe ya fahamu. Nta iliyoziba masikio, miwani yenye uchafu na mtoto wa jicho humfanya mzee asikie nusu ya neno na kuona kivuli kama mtu. Kamisheni ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 usikivu hafifu na uoni hafifu usiotibiwa miongoni mwa mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau ambayo yanaweza kurekebishwa. Kuondoa nta ni kazi ya dakika chache katika zahanati.

Hatua ya tatu ni daftari la maisha. Familia inaandika mzee alizaliwa wapi, alisali kanisa gani, alifanya kazi gani, alipenda chakula gani, alicheza ngoma gani, na nini kilimtisha. Swali hili la mwisho lina uzito wake Tororo na Busia. Walioishi Uganda ya Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, wanaweza kushtushwa na mlango unaogongwa kwa nguvu usiku au na sauti ya buti. Jambo ambalo kwa mwingine ni kelele tu, kwao ni hatari iliyorudi.

Muziki

Muziki ndio njia iliyochunguzwa zaidi. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba vikao visivyopungua 5 vya muziki huenda vikapunguza huzuni na matatizo ya tabia kwa jumla kwa wagonjwa wanaoishi katika nyumba za wazee. Kwa fujo na hasira peke yake faida ilikuwa ndogo au haikuonekana. Mlezi anahitaji kujua yote mawili: muziki unasaidia hali ya moyo, nao hauzimi kila ghasia.

Wimbo wa mzee mwenyewe ndio unaofanya kazi. Nchini Marekani, mtafiti Linda Gerdner alishauri muziki aupendao mgonjwa uchezwe kwa dakika 30 kabla ya saa ambayo kwa kawaida huanza kuhangaika. Kama mzee huanza kutafuta mlango saa kumi na moja jioni, wimbo uanze saa kumi na nusu. Ukisubiri apandishe hasira, utakuwa umechelewa.

Kwa Mteso wa upande wowote wa mpaka, sauti hiyo inaweza kuwa ya akogo, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Kwa Mluhya inaweza kuwa litungu lenye nyuzi. Kwa Mkatoliki aliyekua kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, inaweza kuwa nyimbo za misa kwa Kilatini, alizozishika akiwa mtoto na ambazo wajukuu wake hawajawahi kuzisikia. Kuimba pamoja naye kunazidi kumwekea redio, kwa kuwa anayeimba hupumua kwa mpangilio, hutazamana na mwenzake na hupewa zamu. Redio inayoachwa wazi kutwa, ikirukaruka kutoka habari hadi matangazo ya biashara, humchosha mgonjwa asiyeweza kuchuja sauti.

Mguso

Ngozi yenye vinyweleo ina mishipa ya fahamu inayoitikia zaidi mguso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Ni mwendo ule ule wa mama anayempapasa mtoto. Kukanda mikono ni zoezi linaloweza kufundishwa kwa nusu saa. Mlezi anakaa mbele ya mzee, usawa wa macho yake, anamsalimia na kumwambia atakachofanya. Anapasha mafuta kidogo viganjani mwake. Anashika mkono mmoja, anapitisha viganja kutoka kifundo hadi ncha za vidole, anazungusha dole gumba katikati ya kiganja, kisha anarudia upande wa pili. Dakika 5 kwa kila mkono zinatosha. Mabega yakishuka na ngumi zikifunguka, mguso umekubaliwa. Mkono ukivutwa, zoezi linakoma hapo hapo. Ngozi ya wazee ni nyembamba, hivyo haivutwi wala kusuguliwa.

Nani anagusa ni jambo la heshima. Kwa Waluhya na Wateso kuna miiko kati ya mkwe na mama wa mkewe, na kati ya mkaza mwana na baba wa mumewe. Ugonjwa unaweza kufuta jina la mkaza mwana na kuuacha mwiko wake. Baba mkwe anayepiga kelele akivuliwa shati na mke wa mwanawe huenda anatetea adabu aliyofundishwa. Kuoga na kukandwa kukabidhiwe mtu anayeruhusiwa: mwana wa kiume, dada au mjukuu. Babu na bibi hutaniana na wajukuu wao, na uhuru huo unamfanya mjukuu kuwa mlezi bora wa mguso na wimbo.

Harufu na ladha

Njia ya harufu hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazobeba hisia na kumbukumbu. Hata hivyo Alzheimer hudhoofisha kunusa mapema, kwa hiyo harufu hutumiwa kwa majaribio, na mgonjwa asiyeitikia hasumbuliwi. Mafuta ya lavenda yamepimwa katika nyumba za wazee za Ulaya, na matokeo hayakulingana. Mama aliyekua Sio Port au Majanji, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, hana kumbukumbu yoyote ya lavenda. Anajua omena waliotandazwa juani, ambao upande wa Uganda huitwa mukene, karanga zinazokaangwa, moshi wa kuni na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza.

Harufu ya chakula ina faida ya pili: hufungua hamu ya kula kwa watu wanaopungua uzito kwa sababu wamesahau njaa. Mgonjwa akae karibu na jiko dakika kadhaa kabla ya mlo, umbali salama na moto. Ugali wa wimbi au wa mtama na muhogo, mboga za kienyeji na mchuzi wa karanga vinaweza kuliwa na mtu aliyesukuma sahani ya wali.

Miongoni mwa Wateso, wazee wa kiume walizoea kukizunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu. Pombe huongeza kuchanganyikiwa na kuanguka, kwa hiyo haifai. Lakini duara, chungu, mrija na mazungumzo vinaweza kubaki, chungu kikiwa na kinywaji chepesi cha wimbi kisicho na kileo, kwa wale ambao bado wanameza vizuri. Anayepaliwa asipewe mrija.

Mwanga na mazingira

Wagonjwa wengi huhangaika jua linapozama. Uchovu wa mchana, vivuli na saa ya mwili iliyovurugika huchangia. Nchini Uholanzi, utafiti katika nyumba 12 za wazee, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba mwanga mkali mchana kutwa ulipunguza kidogo huzuni na ulichelewesha kidogo kudhoofika kwa akili. Nyumba hizo zilifunga taa maalumu. Karibu na ikweta, kukaa nje chini ya kivuli cha mti humpa mzee mwanga unaozidi taa hizo, bila gharama. Saa mbili za asubuhi nje, na matembezi mafupi mchana, humsaidia kulala usiku.

Giza huingia haraka huku, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Taa iwashwe kabla ya hapo, na iwekwe juu. Kibatari au taa ya sola iliyowekwa sakafuni hurefusha vivuli ukutani, na kivuli hugeuka mtu. Kioo kifunikwe ikiwa mzee haitambui sura yake. Mlango wa choo upakwe rangi inayoonekana. Honi za malori haziwezi kuzimwa, lakini kitanda kinaweza kuhamishiwa chumba cha nyuma, mbali na barabara.

Kazi za mikono

Mzee asiye na kazi hutafuta kazi, na utafutaji huo ndio unaoitwa kutangatanga. Kinachofaa ni kazi ambayo mikono inaijua na ambayo haina kosa. Bibi aliyewahi kusaga wimbi kwa jiwe anapopewa ungo wa karanga, maganda hupasuka kati ya vidole, karanga hudondoka zikilia, vumbi hutoa harufu ya shamba, na wimbo wa kusagia huweza kurudi wenyewe. Milango mitatu ya fahamu imefunguliwa kwa kazi moja. Karanga zikichanganyika na maganda, hakuna anayemsahihisha.

Pamba ilikuwa zao la fedha pande zote mbili za mpaka, na kuchambua nyuzi kutoka kwenye mbegu ni kazi laini kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mwanamume aliyebeba abiria kwa baiskeli mpakani tangu miaka ya 1960, bodaboda zilipoanza, anaweza kushughulika nusu saa na gurudumu, kitambaa na kengele. Visu, vitu vidogo vinavyoweza kumezwa na dawa za shamba viwekwe mbali.

Nyumba za wazee na vikundi

Nyumba kongwe za kanda hii ni za kidini. Ile ya Nalukolongo, Kampala, ilianzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, na Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya Kasarani inayoendeshwa na Masista Wadogo wa Maskini. Katika nyumba yoyote ya aina hii, ambako watumishi ni wachache na wazee ni wengi, zinahitajika njia zinazoweza kutumika kwa kundi.

Uholanzi katika miaka ya 1970, Jan Hulsegge na Ad Verheul walibuni vyumba vya Snoezelen, vyenye taa za rangi, muziki mwororo na vitu vya kushika. Vifaa vyake ni ghali, na mapitio ya Cochrane ya 2002 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba vinasaidia wenye ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2003 Joyce Simard wa Marekani alianzisha utunzaji wa Namaste kwa wagonjwa walio hatua ya mwisho: chumba tulivu, mguso, muziki, kinywaji na salamu ya kila mmoja kwa jina lake, mara mbili kwa siku. Njia hii inahitaji watu kuliko vifaa, na kwa sababu hiyo inafaa zaidi mazingira ya huku.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Hai. Tiba ya kuchangamsha akili, iliyopimwa Uingereza na Aimee Spector na wenzake mwaka 2003, ilirekebishwa ili ifae Tanzania na kutolewa kwa vikundi vya wazee vijijini: vikao 14 katika wiki 7, vyenye sauti, chakula, nyimbo na vitu vya kushika. Uwezo wa akili wa washiriki uliongezeka. Busia na Tororo zina watu wa kubeba kazi kama hiyo, yaani wahudumu wa afya wa vijiji wa Uganda na wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kenya, ambao tayari wanaingia majumbani.

Kupima na kujua mipaka

Kila jaribio liandikwe: saa, kilichofanyika, hali kabla, hali baadaye. Baada ya wiki 2 daftari litaonyesha kinachotuliza na kinachochokoza. Jambo moja lijaribiwe kwa wakati mmoja, kwa dakika 20 hadi 30. Kukunja uso, kuziba masikio, kugeuza kichwa au kuanza kutembeatembea ni dalili kwamba fahamu zimejaa kupita kiasi.

Njia hizi haziponyi ugonjwa wala kuusimamisha, na utulivu unaoletwa na wimbo au mkono unaweza kudumu saa moja tu. Saa hiyo inatosha kuoga, kula au kulala bila vita, na ikirudiwa kila siku hubadilisha maisha ya nyumba nzima. Mgonjwa arudishwe kwa daktari akibadilika ghafla, akikataa maji, akianguka, au akitishia maisha yake au ya wengine. Mlezi naye apangiwe zamu na ndugu zake na apumzike angalau siku moja kwa wiki, kwa sababu njia zote zilizoelezwa hapa zinategemea sauti yake isipande na mikono yake isiharakishe.